Deni la Askari: Maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed

Ndugu msomaji, hasa wewe mwanafunzi unayejifunza Kiswahili hapa Uganda, bila shaka umewahi kuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari. Wengine hulisema jambo hilo kwa dharau, wengine kwa hofu, nao wazee wetu wanazo sababu za kulisema. Sikusudii kulikanusha. Ni kweli kwamba lugha hii ilisafiri pamoja na majeshi, ikapita vichakani, ikavuka mito na mipaka. Hata hivyo, ni mara chache tunapojiuliza swali linalofuata: huyo askari alikuwa nani? Alizaliwa na nani, alilipwa nini, na vita vilipokwisha alikwenda wapi?

Vitabu vya historia hutaja majenerali kwa majina na askari kwa idadi. Leo nataka tutazame maisha ya askari mmoja wa ngazi ya chini, ambaye kwa bahati habari zake zimehifadhiwa. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Aliingia vitani akiwa mtoto, akawa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, na akafia katika kambi ya mateso ya dola ileile aliyoipigania. Maisha yake yatatufundisha somo moja la uraia: sifa zinazotolewa na serikali si kitu kimoja na haki inayolindwa na sheria.

Mtoto wa efendi

Tuanze na maneno yenyewe. Neno "askari" lina asili ya Kiarabu. Pamoja nalo yalikuja majina ya vyeo yaliyotumika katika majeshi ya Uturuki na Misri: ombasha, yaani koplo, shaushi, yaani sajini, na efendi, ambacho kilikuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kukifikia Mwafrika katika jeshi la Wajerumani.

Majina hayo yalifikaje pwani yetu? Mnamo mwaka 1889, serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kuuvunja upinzani wa watu wa pwani, ulioongozwa na Abushiri bin Salim pamoja na Bwana Heri. Wissmann alipitia Kairo, akaajiri huko askari wa Kisudani wapatao 600. Mwaka 1891 kikosi chake kikafanywa jeshi rasmi la koloni, lililoitwa Schutztruppe, maana yake "jeshi la ulinzi". Wewe uliye Uganda usiione habari hii kuwa ya mbali. Katika mwaka huohuo wa 1891, Kapteni Frederick Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki karibu na Ziwa Albert tangu enzi ya Emin Pasha, akawatumia kuimarisha utawala wa Waingereza. Jamii ya Wanubi wa Bombo ina asili yake katika historia hiyo. Familia za askari wa namna hii zilitawanyika Afrika Mashariki yote, na mara nyingi mtoto alifuata nyayo za baba.

Adam Mohamed, baba wa Mahjub, alikuwa Msudani mwenye cheo cha efendi katika jeshi la Wajerumani. Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, wakati mji huo ulipokuwa makao makuu ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Koloni hilo lilijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi za leo.

Hatuwezi kuusimulia utoto wake bila kutaja jambo chungu. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja, vita vya Maji Maji vilizuka kusini mwa koloni, navyo vikaendelea hadi mwaka 1907. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi lilichoma mashamba na maghala ya chakula. Waliotumwa kuyachoma walikuwa askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani. Kwa wenyeji wengi, jeshi hilo lilikuwa mkono wa kuadhibu. Mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa. Mahjub alizaliwa upande wa wenye bunduki, akajifunza Kijerumani mapema, akakua akiamini kwamba utumishi wa baba yake ulikuwa heshima ya ukoo.

Mtoto vitani

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki mwezi Agosti 1914, Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi. Aliingia jeshini pamoja na baba yake, akafundishwa kazi ya ishara, yaani kupeleka na kupokea ujumbe kati ya vikosi. Fikiri kidogo, msomaji wangu: katika umri ambao wewe ulikuwa ukisoma shule ya msingi, yeye alikuwa akitembea na jeshi.

Jeshi hilo liliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Mkakati wake ulikuwa kukwepa kushindwa: kupigana, kurudi nyuma, kuhama, na kuwalazimisha Waingereza wamfuate. Kwa hiyo vita viligeuka safari ndefu ya miaka minne. Wake na watoto wa askari waliandamana na msafara, wakipika, wakibeba mizigo na kuzaa njiani. Nyuma yao walikuwa wapagazi, ambao wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu. Upande wa Waingereza wapagazi hao walipangwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Ukifika Kariakoo ya Dar es Salaam au Kariokor ya Nairobi, unakanyaga kumbukumbu ya watu hao. Wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi.

Vijana wa Uganda nao walikuwamo. Kikosi cha nne cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililojulikana kwa kifupi kama KAR, kiliandikishwa hapa. Kiswahili kilisikika katika kambi za pande zote mbili. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba watu walioweza kusalimiana kwa lugha moja walielekezeana bunduki kwa sababu ya ugomvi ulioanzia Ulaya. Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mwezi Oktoba 1917 majeshi hayo yalikutana Mahiwa, si mbali na Lindi. Mapigano yalidumu siku nne, kuanzia tarehe 15 hadi 18, na yalikuwa miongoni mwa yale yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza peke yake ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Mahjub alijeruhiwa katika mapigano hayo, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka 13. Lettow-Vorbeck aliendelea hadi Msumbiji, akarudi na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba 1918 akaweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala katika Zambia ya leo.

Deni

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari hii. Askari hakupigana bure. Aliahidiwa mshahara, na mshahara huo ndio uliolisha nyumba yake. Lakini kadiri vita vilivyoendelea, koloni lilitengwa na Ujerumani, fedha zikaadimika, na mishahara ikageuka maandishi ya ahadi. Vita vilipokwisha, mwenye deni alikuwa ameondoka. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, na Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza.

Mahjub akatafuta riziki. Alifanya kazi melini, na kufikia mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie. Mwaka 1929 alifika Berlin. Alikuwa na umri wa miaka 25, na alikuwa na dai mkononi: malimbikizo ya mshahara wake na ya baba yake. Alilipeleka katika Wizara ya Mambo ya Nje. Jibu likawa kwamba dai limechelewa, kwa hiyo halilipwi.

Tusiipite hatua hii kwa haraka. Mtoto aliyepelekwa vitani akiwa na miaka kumi anaambiwa na serikali kwamba yeye ndiye aliyechelewa. Na yote hayo yalitokea wakati Ujerumani ikimsifu askari wa aina yake kila mahali. Wale waliotaka makoloni yarudishwe walieneza hadithi ya "askari mwaminifu" aliyempenda bwana wake Mjerumani hadi kufa. Hadithi hiyo iliwafaa, kwa kuwa ilidai kuthibitisha kwamba Wajerumani walikuwa watawala wema. Askari wa hadithi hakuwa na gharama yoyote, lakini yule aliyesimama mlangoni mwa wizara na hesabu zake alikuwa usumbufu. Kiswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Hakisemi ni kusifu.

Mwalimu wa Kiswahili

Mahjub hakurudi Dar es Salaam. Alibaki Berlin, ambako nyaraka zilimtaja kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe na migahawa. Mwezi Januari 1933 alimwoa mwanamke Mjerumani kutoka eneo la Sudeten, lililokuwa sehemu ya Chekoslovakia. Tarehe 30 ya mwezi huohuo, Adolf Hitler akawa kansela.

Kazi yake nyingine ndiyo itakayokugusa zaidi wewe unayejifunza lugha hii. Alifundisha Kiswahili. Berlin ilikuwa na chuo cha lugha za Mashariki tangu mwaka 1887, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliotaka kwenda koloni. Kabla yake alikuwa amefundisha hapo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili, yaliyochapishwa mwaka 1903, yanasomwa na wataalamu hadi leo. Mahjub alifuata njia hiyo. Alimsaidia Profesa Diedrich Westermann, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kiafrika, na aliwafundisha pia polisi na watumishi wa serikali waliotayarishwa kwa siku ambayo Ujerumani ingerudi Afrika. Lugha ilikuwa yake, lakini hadhi haikuwa yake: alihesabiwa kuwa msaidizi na alilipwa kidogo.

Aliigiza pia. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi kama mtumishi, mbebaji au askari. Filamu ya mwisho ilihusu Carl Peters, yule yule ambaye watu wa Kilimanjaro walimwita "mkono wa damu", na ilitengenezwa ili kumsafisha na kumtukuza. Ndani yake Mahjub alikuwa mwongozaji mwaminifu wa Peters.

Pengine utauliza: kwa nini alikubali? Kwa nini alivaa sare ya askari katika maandamano ya watu waliotaka kuitawala tena nchi yake? Swali lako ni halali, na sitakupa jibu la kumtakasa. Alihitaji mshahara, alikuwa na familia, na milango mingine ilikuwa ikifungwa. Lakini matendo yake yanaonyesha pia kwamba alitaka kutambuliwa. Mwaka 1934 serikali ilipoanzisha nishani ya heshima kwa waliopigana vita vya 1914 hadi 1918, aliiomba kama askari mwingine yeyote. Akanyimwa. Basi akajipatia nishani ya namna hiyo mwenyewe, akaivaa pamoja na sare yake. Mwezi Septemba 1939, vita vipya vilipoanza, aliomba kujiunga na jeshi la Ujerumani. Akakataliwa tena.

Sheria inapokukana

Mwezi Septemba 1935 serikali ya Hitler ilitunga sheria za Nürnberg. Sheria hizo zilipiga marufuku ndoa na mapenzi kati ya Wajerumani na Wayahudi, na baada ya muda mfupi maelekezo ya utekelezaji yakaongeza Waafrika na Wasinti na Waroma. Katika mwaka huohuo Mahjub alipoteza kazi yake Haus Vaterland baada ya wafanyakazi wenzake kumshtaki.

Hapa ndipo ilipoonekana hasara ya kutokuwa raia. Watu wa makoloni walikuwa raiya wa kutawaliwa, hawakuwa raia wa kuchagua na kulindwa. Zingatia maneno hayo mawili, msomaji: raiya na raia. Yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya watu walio chini ya mtawala, na katika maandishi ya zamani utakuta yakitumika kwa maana hiyo moja. Leo "raia" ni mwenye haki mbele ya dola. Safari ya neno hilo ndiyo safari ambayo Mahjub hakuruhusiwa kuikamilisha. Alitimiza wajibu wote wa raia, hata ule wa kumwaga damu, bila kupewa haki zake.

Mwaka 1941 alishtakiwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, kosa lililoitwa "kuchafua rangi". Alikamatwa na polisi wa siri, Gestapo. Hakupelekwa mahakamani, hakupewa wakili, wala hakusomewa hukumu. Alipelekwa moja kwa moja katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, mwezi Septemba 1941. Humo aliishi zaidi ya miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40. Watoto watatu walikuwa wamelelewa katika nyumba yake. Hakuna hata mmoja aliyefikia utu uzima. Ukoo wa efendi Adam Mohamed, kwa upande huo wa Berlin, ukakatika.

Waliobaki

Deni la askari wengine lilikuwa na mwisho tofauti kidogo. Mnamo mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai, na wazee wakakusanyika Mwanza kupokea fedha. Wachache walikuwa na vyeti. Inasimuliwa kwamba mzee asiye na cheti alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani aushike kama bunduki, na hakuna aliyesahau amri hizo. Wengine husimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi naona ndani yake wazee waliolazimika kuthibitisha kwa ufagio kile ambacho serikali ilipaswa kukiandika katika daftari miaka 46 kabla.

Mahjub alikumbukwa baadaye zaidi. Mwaka 2007 mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha kitabu cha maisha yake, na katika mwaka huohuo kibati kidogo cha shaba chenye jina lake kikawekwa chini, katika njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba aliyoishi katika mtaa wa Brunnenstraße. Wajerumani huviita vibati hivyo "mawe ya kujikwaa". Mpita njia huinamisha kichwa ili asome.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mtoto si askari. Alichofanyiwa Mahjub mwaka 1914 kilionekana cha kawaida. Leo ni kosa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya umri wa miaka 18, na unazitaka nchi zihakikishe kwamba hapiganishwi vitani. Sisi wa ukanda huu, ambao tumeona watoto wakitekwa na kupewa bunduki katika miaka ya karibuni, tunajua kwamba maandishi hayo yana uzito.

Pili, karatasi ina thamani. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, mkataba wa kazi, risiti ya mshahara: vitu hivi vinaweza kukuchosha kwa foleni zake, lakini ndivyo vinavyosema kwa niaba yako pale mwenye deni anapojifanya hakujui.

Tatu, utiifu hauwezi kuwa badala ya haki. Mahjub aliamini kwamba akitumikia vya kutosha, siku moja atahesabiwa mwenzao. Dola ilipokea utumishi wake, ikamtumia katika picha, ikajifunza lugha yake, kisha ikamwondoa bila hata kumfikisha mbele ya hakimu. Ndiyo maana katika somo la uraia tunasisitiza katiba, mahakama huru na usawa mbele ya sheria. Hayo ndiyo yanayomlinda mtu siku ambayo watawala wameacha kumpenda.

Basi, mtu akikuambia tena kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, mwitikie kwa upole kwamba ndiyo, na kwamba askari mmoja aliifundisha ughaibuni kwa malipo kidogo, huku akidai haki yake hadi mwisho. Kisha mtajie jina lake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya kusifiwa na kupewa haki. Toa mfano kutoka katika jamii yako.
2. Je, Mahjub alikuwa mhanga wa ukoloni, mtumishi wake, au vyote viwili? Tetea jibu lako kwa hoja.
3. Waulize wazee wa familia yako kama kuna ndugu aliyekuwa askari au mpagazi. Andika aya mbili kuhusu alikotoka, alikokwenda, na alicholipwa.